Antivirusi Inapoilemea Kompyuta: Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Antivirusi hufanya kazi tatu tofauti, na kila moja huilemea kompyuta kwa namna yake. Kwanza, hukagua kila faili wakati linapofunguliwa au kuandikwa, na huo ndio ulinzi wa papo kwa papo. Pili, hupitia diski nzima kwa ratiba iliyopangwa. Tatu, hupakua masasisho yanayoiwezesha kuvitambua virusi vipya. Mtu anayesema tu kwamba "antivirusi inaua mashine yangu" bado hajajua ni ipi kati ya kazi hizo inayomsumbua, na kabla ya kulijua hilo hakuna sababu ya kubadilisha chochote, sembuse kuiondoa antivirusi yenyewe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya namna tunavyofanya kazi hapa Lubumbashi. Katika sekretaria (maduka ya kuchapa na kutoa nakala) zilizo karibu na UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, upande wa Kasapa, kompyuta moja hupokea fleshi za wanafunzi tangu asubuhi hadi jioni: mmoja anachapisha TFC (kazi ya kumaliza masomo), mwingine anarekebisha memwari (tasnifu), wa tatu anataka nakala za faili aliloletewa na mwenzake. Mashine ya namna hiyo ikibaki bila ulinzi, kirusi kitakachoingia kutoka fleshi ya kwanza kitatoka na fleshi zote zitakazofuata. Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11, na majina ya menyu nimeyaandika kwa Kifaransa kama yanavyoonekana kwenye skrini zetu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Bonyeza Ctrl, Maj (Shift) na Échap kwa pamoja ili kufungua "Gestionnaire des tâches", kisha uiache wazi tangu kompyuta inapowaka hadi itakapotulia. Bofya kichwa cha safu ya "Processeur", baadaye cha "Disque", ili programu zinazotumia nguvu nyingi zaidi zipande juu. Antivirusi ya Windows yenyewe, Microsoft Defender, huonekana kwa jina "Antimalware Service Executable", na faili lake huitwa MsMpEng.exe. Ya Avast huitwa AvastSvc.exe, ya ESET ekrn.exe, na ya Kaspersky avp.exe.

Andika kwenye karatasi saa uliyoanza, asilimia ulizoziona, na kazi uliyokuwa ukiifanya. Ikiwa prosesa inapanda kila unapofungua faili au programu fulani na kushuka mara baada ya hapo, tatizo liko katika ulinzi wa papo kwa papo. Ikiwa diski inabaki karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu ilhali hufanyi kitu, ukaguzi wa diski unaendelea. Ikiwa kinachofanya kazi ni mtandao, mashine inapakua masasisho. Na ikiwa antivirusi haimo kabisa kati ya programu za juu, basi imesingiziwa, na ni lazima utafute kwingine.

Bofya pia jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Ouvrir l'emplacement du fichier". MsMpEng.exe halali hukaa ndani ya folda ya Windows Defender, chini ya C:\ProgramData\Microsoft au C:\Program Files. Ukiikuta ndani ya folda ya Temp (ya mafaili ya muda) au katika folda ya mtumiaji, unaangalia kirusi kilichojivika jina la mlinzi. Achana na suala la kasi kwanza, uendeshe "Analyse hors ligne" ya Microsoft Defender, ambayo huikagua mashine kabla Windows haijawaka yote.

Hatua ya pili: hakikisha mlinzi ni mmoja

Fungua "Sécurité Windows", kisha "Protection contre les virus et menaces", uone ni antivirusi gani inayosimamia ulinzi. Kwa kawaida Defender hujiweka kando yenyewe inapoona antivirusi nyingine iliyosajiliwa vizuri. Shida huja pale zinapokuwa mbili za nje, au pale moja ilipoondolewa nusu nusu na huduma zake zikaendelea kuwaka. Hapo kila faili linakaguliwa mara mbili, na kila mlinzi anakagua hata kazi za mwenzake.

Chagua moja. Nyingine iondoe kwanza kwa njia ya kawaida, halafu utumie chombo maalumu cha watengenezaji wake: Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, Kaspersky wana kavremover, na ESET wana ESET Uninstaller. Vyombo hivyo husafisha madereva (drivers, yaani programu ndogo za ndani ya mfumo) yanayobaki nyuma. Kama antivirusi yako iliwekwa kwa ufunguo wa wizi uliotoka kwenye fleshi ya rafiki, iondoe hiyo bila kusita, kwa maana programu zinazotengeneza funguo hizo mara nyingi hubeba virusi ndani yake; Defender haina malipo na inatosha kwa kazi za sekretaria au za famasia.

Hatua ya tatu: sogeza saa ya ukaguzi

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, tatizo la mashine nyingi za mji wetu linapokaa. Ratiba za antivirusi hudhani kwamba kompyuta inabaki imewashwa usiku, au walau inapata saa za kupumzika mchana. Kwetu sisi umeme hukatwa kwa zamu, jenereta hula mafuta, na mwenye duka huzima kila kitu anapofunga. Kwa hiyo kazi zote ambazo zingefanyika usiku husubiri hadi asubuhi, na mara kompyuta inapowaka, antivirusi, masasisho ya Windows na mteja wa kwanza wote huigombania diski ileile.

Kwa Defender, fungua "Planificateur de tâches", uingie Microsoft, Windows, kisha Windows Defender. Bofya mara mbili kazi inayoitwa "Windows Defender Scheduled Scan". Katika ukurasa wa "Déclencheurs" weka siku na saa ambayo mashine huwa imewaka lakini haina wateja. Kwa sekretaria nyingi saa sita na nusu mchana inafaa, na kwenye skrini utaandika 12:30. Katika "Conditions" amuru kazi ianze tu mashine ikiwa imeunganishwa na umeme, ili ukaguzi usimalize betri ya laptopu wakati umeme haupo. Antivirusi za nje zina ratiba yao ndani ya mipangilio yao. Humo utafute hasa chaguo la kufanya ukaguzi uliokosekana mara mashine inapowashwa, na ulizime, mradi umeweka saa nyingine ambayo kweli itaheshimiwa. Ukaguzi wa haraka mara moja kwa wiki ambao unakamilika una faida kuliko ukaguzi kamili wa kila siku ambao hukatizwa daima.

Unaweza pia kumpimia Defender sehemu yake ya prosesa. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, uandike:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 25

Thamani ya kawaida ni 50, nayo ni wastani unaolengwa, kwa hiyo usishangae ukiona asilimia ikiruka juu kidogo kwa muda mfupi. Usiandike 0, kwa sababu sifuri huondoa kizuizi chote. Ujue pia kwamba amri hii hupunguza kasi ya ukaguzi uliopangwa peke yake. Haigusi ulinzi wa papo kwa papo.

Hatua ya nne: pakua masasisho mara moja kwa mashine zote

Kompyuta nne zinazotumia intaneti ya simu moja, kila moja ikijipakulia masasisho yake asubuhi, humaliza mega (kifurushi cha intaneti) na kuchelewesha kazi ya kila mtu. Microsoft hutoa faili la masasisho ya Defender linaloitwa mpam-fe.exe, ambalo huzidi megabaiti 100. Lipakue mara moja kutoka tovuti yao, ukichagua la biti 64 au 32 kulingana na mashine zako, kisha ulipeleke kwa fleshi safi na kulifungua kwenye kila kompyuta. Ni lazima liwe la karibuni. Faili la mwezi uliopita halina maana.

Hatua ya tano: tafuta faili linaloikwamisha

Ikiwa uzito unatokea wakati wa programu moja tu, kwa mfano ile ya kuhesabia akiba ya dawa, Defender yenyewe inaweza kukuonyesha chanzo. Katika PowerShell ya msimamizi andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\pima.etl

Acha dirisha hilo wazi, fanya kazi inayosumbua kwa dakika chache, urudi ubonyeze Entrée, kisha uandike:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\pima.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10

Utapata orodha ya mafaili na programu zilizochukua muda mwingi zaidi wa ukaguzi. Mara nyingi la kwanza huwa faili kubwa la hifadhidata ambalo programu huliandika bila kupumzika. Faili kama hilo linaweza kuwekwa katika "Exclusions", orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui, lakini liandike lenyewe kwa njia yake kamili, au folda yake ndogo, wala usiweke diski nzima ya D. Folda ya "Téléchargements", ya Temp, "Bureau" (desktop), na herufi za fleshi zisiingie kamwe katika orodha hiyo, kwa kuwa hiyo ndiyo milango ambayo virusi huitumia. Kumbuka pia kwamba ukiweka programu katika sehemu ya "Processus", Defender haitakagua mafaili ambayo programu hiyo inayafungua. Ruhusa hiyo ni pana kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Hatua ya sita: ikague mashine yenyewe

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka itakuwa nzito na antivirusi yoyote. Angalia hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo: ikiwa inaonyesha sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika au zinazosubiri kuhamishwa, nakili kwanza mafaili ya mteja mahali pengine kabla ya kuendelea, kwa maana diski hiyo inakufa na kila ukaguzi unaizidishia mzigo. Diski ikiwa nzima lakini ni ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD, diski isiyozunguka, kutaleta tofauti kubwa kuliko mpangilio wowote nilioueleza hapo juu, na ningemshauri mteja atumie pesa zake hapo kabla ya kununua antivirusi ya kulipia.

Hatua ya saba: thibitisha kwamba ulinzi bado upo

Rudia upimaji wa hatua ya kwanza kwa saa ileile na kazi ileile, ulinganishe na karatasi yako. Badiliko ambalo halikusaidia lirudishe lilivyokuwa, hasa kama lilikuwa ruhusa katika "Exclusions".

Kisha pakua faili la majaribio la EICAR kutoka eicar.org. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo antivirusi zimekubaliana kuyatendea kama kirusi. Lijaribu katika "Téléchargements", halafu ulinakili kwenye fleshi kwa kompyuta nyingine isiyo na ulinzi, uichomeke fleshi hiyo kwenye mashine ya mteja na kulifungua kutoka hapo. Antivirusi inapaswa kulizuia mara zote mbili. Ikiliacha lipite mahali popote, fungua orodha ya "Exclusions" na uangalie ni mstari gani uliofungua mlango huo, uufute, kisha ujaribu tena kabla ya kumkabidhi mteja mashine yake.