Jinsi ya kupima na kuchimba fanya juu shambani kwako

Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kukingama mteremko, udongo wake ukarushwa upande wa juu kuwa tuta la kuzuia maji. Nyingi ninazoziona zimepasuka huku Machakos zilipimwa kwa macho. Mstari ukilala chini kidogo mahali pamoja, maji yote hukimbilia hapo, tuta linakatika na korongo linaanza. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kupima. Jembe kila mtu analijua.

1. Tengeneza fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa chenye umbo la herufi A. Chukua fito mbili nyoofu za mita 2 hivi, uzipigilie msumari juu, utanue miguu, kisha ukingamishe ufito wa tatu katikati. Kwenye msumari wa juu ning'iniza kamba yenye jiwe, lipite chini ya ule ufito mlalo.

2. Tafuta usawa. Simamisha fremu, tia alama miguu ilipokanyaga na kamba inapogusa ufito. Igeuze, miguu ibadilishane nafasi palepale, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Siku ya upepo usipime, kamba itakudanganya.

3. Anzia juu ya shamba. Piga kigingi kwenye mguu wa kwanza, sogeza wa pili hadi kamba itulie kwenye alama ya usawa, piga kigingi, zungusha fremu uendelee. Kigingi kikijitokeza peke yake kisogeze kidogo, ila mstari usiulazimishe kunyooka, ufuate mlima.

4. Mteremko wa asilimia 10 (unaoshuka mita 1 kila mita 10) unataka mita 15 hadi 18 kati ya mistari. Ukiwa mkali zaidi, isogeze karibu.

5. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 60. Udongo wote urushe upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo utarudi mtaroni. Penye ukame ziba ncha zote mbili. Maji ya barabarani yakiingia shambani, yakingie kwa mtaro wake juu kabisa, na mkubaliane na jirani wa chini yatatokea wapi. Kesi nyingi kwa chifu huanzia hapo.

6. Mvua ikianza, panda nyasi juu ya tuta. Nepia inalisha ng'ombe lakini inadumaza mahindi ya karibu. Penye ukame mimi napendelea makarikari. Mtaroni weka migomba au mipapai.

Kila baada ya mvua zoa tope la mtaroni, ulipandishe kwenye tuta. Ukikuta mwamba karibu, acha kuchimba: panga mawe kwenye mstari uleule.