Kabla ya kulaza paneli za sola barabarani, piga hesabu hizi

Ukiletewa mchoro wa barabara ya sola, iwe ya mtaa au ya uwanja wa kiwanda, usianze na bei. Uliza kwanza: kila mita ya mraba itatoa uniti (kilowati-saa) ngapi kwa mwaka?

Kipimo kipo Tourouvre-au-Perche, Ufaransa. Desemba 2016 ilizinduliwa pale kilomita moja yenye mita za mraba 2,800 za paneli, kwa euro milioni 5. Mwaka 2017 ilitoa takriban uniti 149,000. Gawanya, unapata 53 kwa mita ya mraba. Mwaka 2018 zikashuka hadi kama 78,000, na karibu mita 100 zikang'olewa kwa kuharibika.

Sasa linganisha na paa. Paneli ya wati 400 ina karibu mita 2 za mraba. Kwa Dar es Salaam chukua saa 5 za jua kamili kwa siku, kisha kata robo kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na inveta: 0.4 × 5 × 0.75 = uniti 1.5 kwa siku. Hiyo ni kama uniti 270 kwa mita ya mraba kwa mwaka.

Paneli ya barabarani haifiki hapo. Kulala si tatizo kubwa kwetu, maana jua linapita karibu na utosi. Ulaya ndiko kunakoumiza. Tatizo ni kwamba iliyolala haioshwi vizuri na mvua, tope linakaukia juu yake. Joto nalo: kila nyuzi moja juu ya 25 huondoa karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Iliyobandikwa kwenye lami haipati upepo chini, na seli zikifika nyuzi 65 umepoteza asilimia 16.

Kivuli ndicho hatari zaidi. Seli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo iliyofunikwa huzibana zenzake. Paneli ya seli 60 kwa kawaida ina dayodi 3 (vipitishio vinavyoupa umeme njia ya kuzunguka seli zilizozibwa), kila moja ikilinda seli 20. Tairi likifunika seli moja tu, thuluthi ya paneli inaweza kutoka kazini. Jaribu: paneli ikiwa juani inachaji, weka kiganja juu ya seli moja huku ukitazama wati kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Zinaporomoka kuliko ukubwa wa kiganja chako.

Kisha uzito. Ekseli ya lori hubeba hadi tani 10. Lami ikititia kidogo, maungio hufunguka, maji huingia kwenye viunganishi, na kutu humaliza kazi.

Kama lazima ziwe chini, ziweke kwenye njia ya baiskeli, walivyofanya Krommenie, Uholanzi, mwaka 2014. La sivyo, jenga kibanda juu ya maegesho. Nafasi ya gari ya mita 2.5 kwa 5 inabeba paneli 6, yaani wati 2,400, kama uniti 9 kwa siku, na gari linapata kivuli. Upande wa chini wa paa usipungue mita 2.5 kutoka ardhini, mwinamo uwe nyuzi 10 ili mvua ioshe, na nguzo zishikwe na zege la kutosha, kwani upepo huinua kibanda kama mwavuli. Nyaya zipite ndani ya bomba na fremu zote ziunganishwe na waya wa ardhi. Vumbi lioshwe alfajiri; maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua.