Jenereta Mpya Nyumbani: Oili Kwanza, Halafu Pa Kuiweka

Kabla hujagusa kamba ya kuwashia, fungua kifuniko cha oili uchungulie. Jenereta nyingi mpya hutoka kwenye boksi zikiwa kavu, kwa sababu husafirishwa bila oili. Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Temeke, na inaniuma kila nikiletewa mashine iliyonoki ikiwa bado ina plastiki kwenye mpini. Mtu kajinyima hadi kuinunua, akaiwasha kavu siku hiyohiyo.

Jenereta ya nyumbani ya kVA 2 au 3 (kipimo cha nguvu yake) huchukua takriban lita 0.6 za oili. Tumia oili ya injini ya mistroku minne. Ya daraja la 10W-30 inafaa, na kwa joto letu hata SAE 30. Weka mashine pa tambarare, umimine mpaka oili ifike ukingo wa tundu, basi. Nyingi zina kihisio: oili ikipungua au mashine ikilala upande, injini inazima au inakataa kuwaka. Akitokea wa kukushauri ukate waya wa kihisio hicho, mkatalie. Pima oili.

Kuwasha si kazi. Chomoa vitu vyote, fungua koki ya petroli, funga choki (kilango cha hewa ya injini), washa swichi. Vuta kamba polepole mpaka uhisi inagoma, iachie irudi, ndipo uivute kwa nguvu. Ikishashika, rudisha choki kidogo kidogo, uiache ipate moto dakika chache. Anza na friji, kwa sababu mota yake ikianza hudai umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Taa, feni na TV zifuate. Kuongeza petroli ni mpaka uizime na ipoe.

Sasa pa kuiweka, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumba zetu zimebanana na wezi wapo, kwa hiyo watu wanaingiza jenereta koridoni, wanafunga geti, wanalala. Usifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa nusu saa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka. Iweke nje kabisa, kama mita 6 kutoka dirishani, ekzosi ikitazama pasipo na chumba cha mtu, na dirisha la jirani ulihesabu pia. Kwa wezi, nunua mnyororo na kufuli, uifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa. Kwa mvua, ipigie paa la bati bila kuta. Uwanja wako ukiwa mdogo mno kwa haya yote, ni bora ununue betri na inveta.

Usichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme utarudi hadi kwenye laini ya nje, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaweza kufa. Mwite fundi umeme akufungie chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta.

Sevisi ya kwanza ndiyo watu wanaisahau. Mwaga oili baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kwa sababu injini mpya hutoa unga wa chuma inapojizoesha. Ukiisugua oili hiyo kidoleni juani utauona ukimetameta. Baada ya hapo badilisha kila saa 100 au miezi 6. Imwage ingali vuguvugu, uikinge kwenye dumu, mtaroni hapana.

Sponji ya chujio la hewa ioshe kwa maji na sabuni kila saa 50, mapema zaidi kama barabara yako ni ya vumbi. Ikikauka, itie oili kidogo uikamue. Plagi ya injini, ile inayotoa cheche, ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi ya masizi, angalia chujio, au choki haikurudishwa. Mwanya wa plagi, pale cheche inaporukia, ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Ukitaka kuipumzisha, funga koki ikiwa inanguruma, uiache ijizimie yenyewe ili kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ibaki tupu. Petroli ikilala humo huacha gundi inayoziba jeti, kitundu chake cha kupitishia petroli. Walio karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, waifute chumvi kila mara. Kila mwezi iwashe kidogo, na ikishapata moto uichomekee friji.