Ukimlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anza na mkao

Kwa mnaolea mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kabla ya kubadilisha chakula, angalieni anakaaje anapokula. Wengi tumezoea kumlaza mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, uji ukamiminwa. Unashuka, ndiyo, ila mwingine huingia njia ya hewa, na nimonia zinazojirudia mara nyingi huanzia hapo.

Mkalishe wima. Kama hana kiti chake, beseni pana linatosha: kunja khanga, jaza nyuma na ubavuni mpaka asiegemee upande. Kidevu kiinamie kifuani kidogo. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Ukisimama atainua kichwa kukutazama na kazi yote imeharibika.

Tumia kijiko cha chai, kisijae. Kiweke katikati ya ulimi, kandamiza kidogo, subiri afunge midomo mwenyewe, ndipo ukitoe. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu. Uji mzito au ndizi iliyopondwa humezeka vizuri kuliko uji mwepesi. Maji ndiyo hupalia kwa urahisi zaidi. Akikohoa, ngoja. Akimaliza, abaki wima kama nusu saa.

Mlo mmoja unaweza kula saa nzima, kwa hiyo mpokezane, na baba naye asikwepe. Akizidi kupaliwa, sauti ikiwa na majimaji baada ya kula, au akipungua uzito, mpelekeni kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayesaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kula. Nendeni na chakula chake, mwombeni amwone akila.