Kabla ya kuomba uzamili wa ubunifu na ujasiriamali katika TEHAMA

Jina la kozi lisikudanganye, soma mtaala. Kozi mbili zenye jina hilo hilo zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja ni sayansi ya kompyuta iliyoongezewa masomo machache ya biashara, nyingine ni shahada ya biashara ambayo mtu huimaliza bila kuandika programu hata moja. Zote zina faida zake, ila moja kati ya hizo haikufai wewe. Angalia masomo ya lazima, tasnifu za waliotangulia zimehusu nini, na kozi iko chini ya idara gani. Ikiwa ni idara ya uhandisi, tarajia kuulizwa hisabati, miundo ya data na hifadhidata, na pengo hapo hulizibi kwa barua nzuri ya maombi.

Pima na muda. Katika ECTS, mfumo wa kupima mzigo wa masomo unaotumika Ulaya, mwaka mmoja ni alama 60, na kila alama inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, yaani ajira kamili. Anayepanga kusoma, kufanya kazi na kuendesha kampuni changa kwa wakati mmoja aifanye hesabu hii kabla ya kulipa ada.

Wengi hudhani ni lazima waende na wazo la biashara. Si lazima, na mara nyingine wazo lililokwisha kuiva ni mzigo, kwa sababu mwenye nalo huenda kwa wateja kutafuta sifa badala ya majibu. Nenda na tatizo unalolifahamu kwa undani, pamoja na watu wanaolipata kila siku na watakaokubali kuhojiwa nawe. Kutengeneza kifaa peke yake hakutoshi. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, lakini kampuni iliyokuwa ikiishi kwa mauzo ya filamu haikujijenga upya kwa wakati, na mwaka 2012 iliomba kinga ya kufilisika mahakamani. Sehemu kubwa ya masomo haya inahusu umbali huo kati ya kifaa kinachofanya kazi na biashara inayosimama.

Jambo ambalo waombaji wengi hawaliulizi, nami ningeliweka mbele ya ada na hata mbele ya sifa za chuo, ni hili: utakachokitengeneza ukiwa mwanafunzi kitakuwa cha nani? Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipobuni PageRank, njia ya kupanga matokeo ya utafutaji mtandaoni, na hataza yake (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, yaani patent) iliandikwa kwa jina la chuo. Google ilipewa leseni, chuo kikapata hisa, na mwaka 2005 kiliziuza kwa takribani dola milioni 336. Hawakudhulumiwa, yalikuwa makubaliano. Ila makubaliano husomwa mapema. Omba sera ya haki miliki ya chuo na uisome yote. Aghalabu kazi ya darasani hubaki ya mwanafunzi, lakini mambo hubadilika pakiwa na fedha za mradi wa utafiti, maabara ya chuo, au kampuni iliyodhamini tasnifu yako. Ikiwa umeajiriwa, soma pia mkataba wa mwajiri wako. Baadhi hudai hata unachobuni nyumbani usiku.

Tasnifu yenyewe ina mtego. Kwa sheria ya hataza ya Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kuwekwa hadharani kabla ya kuombewa hataza hupoteza sifa ya upya, na utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa watu wote unaweza kuhesabiwa kuwa ni kuweka hadharani. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba hataza baada ya kuuweka hadharani. Muulize msimamizi kama tasnifu inaweza kucheleweshwa kuchapishwa. Upande wa msimbo wa programu, ukisambaza bidhaa iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL, leseni ya programu huria, utawajibika kutoa msimbo wa bidhaa hiyo kwa masharti yale yale, na mwekezaji makini atakuuliza.

Ukienda kusoma nchi nyingine, viza nayo ina maneno yake. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza, kwa mfano, hairuhusu kujiajiri, kwa hiyo kampuni yako inaweza kuwa halali na wewe ukawa unavunja masharti ya ukaazi.

Halafu tafuta wahitimu uzungumze nao. Chuo kitakuelekeza kwa wenye kampuni zinazong'aa. Wewe ulizia na waliofunga zao, na waliorudi kuajiriwa. Waulize nani alimiliki nini walipoachana na wenzao wa kundi, na kama kulikuwa na karatasi yoyote iliyosainiwa.