Kuingia kwenye seva ya ofisini Mwanza ukiwa Nansio

Hapa tuchukulie seva ni ya Ubuntu, iko Mwanza mjini, na wewe uko Nansio, kisiwani Ukerewe, na laptop na bando. Programu za kubofyabofya achana nazo. Windows 10 za kuanzia 2018 zina ssh tayari (programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa kuandika amri), fungua PowerShell. Mac na Linux, fungua terminali.

1. Tengeneza ufunguo, mafaili mawili ambayo seva itakutambua kwayo:

`ssh-keygen -t ed25519`

Uwekee nenosiri. Faili lenye `.pub` ndilo la kugawa; lile jingine halitoki kwenye laptop.

2. Peleka ufunguo kwenye seva, kwa jina lako na anwani yake (`fundi` na `203.0.113.10` hapa ni mfano):

`ssh-copy-id fundi@203.0.113.10`

PowerShell haina amri hiyo, kwa hiyo:

`type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh fundi@203.0.113.10 "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"`

3. Ingia: `ssh fundi@203.0.113.10`

Ukiambiwa `Permission denied (publickey)`, usikimbilie kutengeneza ufunguo mwingine. Wengi hupotezea siku hapo, wanafuta hata ule uliokuwa mzima. Endesha kwanza `ssh -v fundi@203.0.113.10` utafute mstari wa `Offering public key`. Kama ufunguo wako haumo, laptop haijautoa. Uutaje kwa `-i`: `ssh -i ~/.ssh/id_ed25519 fundi@203.0.113.10`. Kama umo na bado umekataliwa, hamia upande wa seva. Mtu aliye ofisini aketi kwenye kibodi, aingie kwa jina lako, aandike:

`ls -ld ~ ~/.ssh ~/.ssh/authorized_keys`

Mara nyingi utakuta mtu alipiga `chmod -R 777` ili wenzake wafungue mafaili. Ssh haiamini ufunguo uliolala kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuiandika, na kwako haisemi sababu. Sababu iko kwenye `sudo journalctl -u ssh`, imeandikwa `bad ownership or modes`. Dawa yake:

`chmod go-w ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Kama `ls` imeonyesha faili ni la root (msimamizi mkuu wa seva), basi liliundwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Lirudishe kwako: `sudo chown -R fundi: ~fundi/.ssh`.

Usifunge njia ya kuingia kwa nenosiri mpaka ufunguo ukubali kwenye dirisha la pili, la kwanza likiwa bado wazi. Ukikosea hapo, ni kupanda meli hadi mjini.

4. Kwenye `~/.ssh/config` ya laptop weka:

`Host mwanza`
`  HostName 203.0.113.10`
`  User fundi`
`  ServerAliveInterval 60`

Sasa `ssh mwanza` inatosha, na kwa mstari wa `ServerAliveInterval` laini iliyokaa kimya haikatwi ovyo. Ila mtandao ukipotea kabisa, mstari huo hauokoi kitu. Kazi ndefu ianzishe kwenye seva ndani ya tmux, programu inayoishikilia hata ukikatika: `tmux new -s kazi`. Ukirudi hewani, `tmux attach -t kazi`, utaikuta inaendelea.