Namna ya kumsimulia Fulcanelli barazani bila kuumbuka

Miye ni sonara, na baraza letu liko kichochoroni Mji Mkongwe, pale muuza kahawa anapopita baada ya Isha akigonganisha vikombe. Hadithi hii ya Fulcanelli, mtu wa Ufaransa anayesemwa alijua kugeuza madini kuwa dhahabu, ingoje usiku wa kukatika umeme. Taa zikiwaka, kila mtu ana la kutazama kuliko uso wako.

Anza na jina. Fulcanelli si jina la kuzaliwa. Wengi huona limeungwa kwa Vulcan, mungu wa wahunzi wa Warumi, na Helios, jua la Wagiriki. Mtu huyu hana kaburi wala cheti. Alichoacha ni vitabu viwili vilivyotoka Paris. Cha kwanza, mwaka 1926, kilichapwa nakala 300 tu, na kinadai siri za alkemia, elimu ya kale ya kutafuta dhahabu na uhai mrefu, zimechongwa kwenye kuta za makanisa makubwa ya Ufaransa. Cha pili kilitoka 1930. Hapohapo mwingize Eugène Canseliet, kijana aliyeandika dibaji akisema mwalimu wake keshatoweka.

Alkemia yenyewe usiieleze sana. Ni kimia yetu hiihii iliyokwenda Ulaya pamoja na "al" yake ya Kiarabu. Tena wazee watakukatiza wakutajie Khidhri na maji ya uhai, na Dhulkarnaini aliyeyatafuta gizani asiyapate. Waache wamalize.

Sasa sanad, yaani nani kapokea habari kwa nani, na hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Nilisema kwa kifua mbele, "Mwaka 1922 Fulcanelli aligeuza madini ya risasi yakawa dhahabu." Mwalimu mmoja wa chuo, kikombe hakijafika mdomoni, akaniuliza, "Ulikuwepo, bwana sonara?" Nikasema sikuwepo. "Basi umepokea kwa nani?" Nikababaika. Baraza zima likacheka, na wiki nzima nikaitwa Bwana Risasi.

Tangu siku hiyo kila jambo nalitaja na mdomo uliolisema. Canseliet kasema: mwaka huo, kwenye kiwanda cha gesi cha Sarcelles, nje kidogo ya Paris, yeye mwenyewe alitia unga aliopewa na mwalimu wake ndani ya risasi iliyoyeyuka, wakishuhudia mchoraji Jean-Julien Champagne na mkemia Gaston Sauvage. Jacques Bergier, mkemia na mwandishi wa Ufaransa, kasema: mwaka 1937 mgeni mmoja alimwonya juu ya nguvu iliyomo ndani ya atomu, miaka 8 kabla ya Hiroshima, naye akashuku ndiye Fulcanelli. Lakini maneno hayo yalichapwa kitabuni 1960, bomu limeshalipuka zamani. Mwaka huo utaje taratibu. Wenye akili watatazamana.

Halafu punguza sauti. Canseliet kasema tena: mwalimu wake kazaliwa 1839, na walipoachana alikuwa mzee aliyepita miaka 80. Miaka ya 1950 Canseliet akaitwa Hispania, akamkuta ana sura ya mtu wa miaka 50 hivi, kama rika lake yeye. Hapo nyamaza. Kunywa kahawa yako, usiongeze neno mpaka mtu aseme "Haa!"

Ndipo umtoe Champagne tena. Wapo wengi waliochunguza wakaona Fulcanelli ndiye huyo mchoraji wa vitabu vyake, au yeye na wenzake. Naye alifariki 1932, hata miaka 60 hakufika. Canseliet alikana mpaka anaingia kaburini mwaka 1982. Mimi naegemea kwa Champagne, ila simwambii mtu mpaka aniulize.

Hakosi kijana ambaye simu yake ina chaji bado. Atakwambia risasi inageuka dhahabu kweli, CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu, wamefanya. Mpe haki yake. Mwaka 2025 watafiti wa pale karibu na Geneva walitangaza kwamba viini vya atomu za risasi vikipishana kwa kasi kubwa mno, baadhi hupoteza chembe 3 za ndani ziitwazo protoni, na 82 za risasi zikabaki 79, ndiyo dhahabu. Kisha muulize wamepata kiasi gani. Hata ukiigawa gramu moja mafungu bilioni, fungu moja ni kubwa kuliko walichopata, na chenyewe hakidumu hata kupepesa jicho. Kipini cha pua hakitoki hapo.

Mimi humaliza kwa jiwe. Nalitoa jiwe jeusi la kupimia dhahabu, nasugua ufunguo wa shaba ya manjano, unaacha mstari unaong'aa. Pembeni yake nasugua kipande cha dhahabu ya karati 22. Kwa mwanga wa kandili huwezi kuitofautisha mistari ile. Natia tone la tindikali: mmoja unachemka, unageuka kijani, unafutika, wa pili umetulia palepale. Watoto watataka urudie. Rudia, lakini vidole vyao viweke mbali.

Ila pete ya mtu usiipokee. Mwaka juzi kijana mmoja alinipa pete aliyomnunulia mchumba wake, kaitoa mfukoni kwa fahari, kalipia bei ya dhahabu. Mstari ukafutika mbele ya mashemeji zake wawili. Mtu akikunyooshea pete, mwambie aje dukani asubuhi, peke yake.